Mwalimu wa Namba Tasa

Mwalimu wetu wa hesabu aliingia darasani bila kitabu. Alichobeba ni kipande cha chaki tu, amekifunga kwenye kona ya leso kisimchafue buibui, na miguuni alivaa raba nyeupe za michezo, maana kutoka barabarani hadi shuleni palikuwa na mwendo wa nusu saa kwenye mchanga. Tulisimama tukasema "Shikamoo Mwalimu" kwa sauti moja, naye akajibu "Marahaba" moja ya wote, kisha akatupitia kwa macho mstari kwa mstari. Aliyekosekana alimjua kabla ya kuita majina.

Ya ukoo wake sikuyajua vyema, na sidhani kama kuna mwanafunzi aliyeyajua. Tulisikia kwao ni visiwa vya kaskazini, na Kiswahili chake kilituaminisha hivyo. Alikaa Malindi mjini, na kila alfajiri alisafiri kuja kwetu Magarini, shule ya wasichana iliyozungukwa na mashamba ya mihogo. Sisi tulikuwa wa bweni. Mimi nilitoka Jilore, wengine walitoka mbali zaidi, na wengi wetu nyumbani tulizungumza Kigiriama. Ukimjibu kwa Kiswahili kilichochanganyika hakukucheka. Alisubiri umalize, akalirudia jibu lako kwa maneno yake kama anayekunja nguo, akakuuliza, "Ndivyo ulivyokusudia?"

Alikuwa na maswali mawili ambayo mpaka leo nayasikia nikisahihisha daftari za wanafunzi wangu. La kwanza ni "Nani kakwambia?" La pili si swali hasa, ni amri: "Nionyeshe." Siku ya kwanza kabisa Kidato cha Kwanza, alituuliza pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinafika ngapi. Nikainua mkono nikasema mia moja na themanini.

"Nani kakwambia?"

"Kitabu, Mwalimu."

"Na kitabu nani kakiambia?"

Akanipa karatasi, akaniambia nichore pembetatu yoyote, nizichane pembe zake tatu, nizipange pamoja mezani. Zikalala kwenye mstari ulionyooka. "Sasa umeona," akasema. "Bado hujathibitisha, lakini umeona. Kuthibitisha tutakuja." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia kwamba kitabu nacho kinaweza kuulizwa.

Asidhani msomaji kwamba alikuwa mtu aliyenyooka katika kila jambo. Alitudai daftari safi, mistari iliyopigwa kwa rula, ilhali mwandiko wake mwenyewe ubaoni ulikuwa kama nyayo za kuku. Na hao kuku wenyewe aliwaogopa. Shule ilikuwa na banda la kufugia nyuma ya darasa letu, na siku tetea mmoja alipoingia mlangoni, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akirudi nyuma mbele ya mtu yeyote alipanda juu ya kiti akashikilia buibui lake mpaka tulipomtoa. Aliposhuka aliendelea na somo pale pale alipoliachia, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Alipokuwa akisahihisha aliimba taarabu kwa sauti ya chini, na sauti ile haikuwa nzuri. Funguo za kabati alizipoteza kila wiki. Lakini alama zetu za kila mtihani tuliowahi kufanya alizikumbuka kwa kichwa.

Tena hakuwa mwepesi wa kuomba radhi. Aliwahi kunilaumu mbele ya darasa kwa kuvunja rula kubwa ya ubaoni. Sikuivunja mimi. Siku mbili baadaye ukweli ulijulikana, aliyeivunja akajitaja mwenyewe. Mwalimu hakuniambia neno. Kesho yake, kabla ya kipindi, nilikuta juu ya dawati langu sambusa mbili za moto zimefungwa kwenye gazeti, zimetoka Malindi asubuhi ile. Nilizila. Yakaishia hapo.

Katika hesabu lakini mambo yalikuwa tofauti kabisa. Humo akikosea alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika nje. Hilo nitalifikia.

Kwanza niseme jinsi neno tasa lilivyoingia kwetu. Nilikuwa Kidato cha Pili. Mwalimu alikuwa amewashika wasichana kadhaa Jumamosi nne mfululizo kwa masomo ya ziada, na siku ya wazazi mama mmoja alikuja na hasira zake. Binti yake, wa kijiji cha jirani aliyeruhusiwa kwenda kwao Jumamosi, alihitajika shambani siku hizo za mapumziko. Mama yule alisimama katikati ya mkutano, wazazi wote wameketi, akasema, "Huyu ni tasa. Atajuaje uchungu wa mwana?"

Ilikuwa kweli kwamba Mwalimu hakuwa na mtoto. Alikuwa ameolewa, akaachika, na watu walisema sababu ni hiyo. Hawe wangu, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa ameketi karibu nami na niliuona mkono wake ukiukamata ukingo wa kiti.

Mwalimu alisimama. Sauti yake haikupanda. "Mama, hasira yako naielewa. Nimemchukua binti yako bila kukuuliza, na hilo ni kosa langu. Lakini kabla hujamchukua, njoo uone anachofanya." Akamwita yule binti ubaoni, akampa hesabu ya milinganyo miwili. Binti aliifanya yote, huku mama yake akimtazama mkono unavyokwenda. Alipomaliza, mama aliuliza ile chaki inaandika nini, na binti akamweleza kwa Kigiriama, hatua kwa hatua. Jumamosi iliyofuata binti alikuwa darasani.

Jumatatu Mwalimu aliingia akamwaga mbegu za mkwaju mezani. Akahesabu kumi na mbili, akazipanga safu tatu za nne nne, akazivunja akazipanga safu mbili za sita sita. Kisha akaongeza moja, zikawa kumi na tatu, akatuita tuje tuzipange. Tulijaribu kila namna. Mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, ikabaki moja. Nne nne, ikabaki moja. Hazikukubali kukaa ila kwenye mstari mmoja mrefu.

"Namba ya namna hii, isiyogawika sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa Kiswahili inaitwa namba tasa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Tulitazama madawati yetu.

"Inueni nyuso. Nipeni kumi na mbili. Imetoka wapi? Mbili mara mbili mara tatu. Thelathini? Mbili, tatu, tano. Chukueni namba yoyote mnayoitaka, ivunjeni mpaka isivunjike tena, mtakazozikuta chini ni hizi hizi. Kila namba nyingine imezaliwa na namba tasa. Aliyezipa jina hilo hakuzijua." Akafuta mikono. "Lakini jina limeshakuwa jina, na mimi sioni haya kulitumia."

Alilitumia kwa miaka yote niliyokaa pale, kwa sauti iliyojaa, mbele ya wazazi, mbele ya wakaguzi. Nasi tukalizoea likawa neno la heshima. Kumwambia mwenzako bwenini kwamba yeye ni tasa ilimaanisha havunjiki.

Mkaguzi mmoja alikuja muhula wa kwanza nilipokuwa Kidato cha Tatu. Aliketi nyuma ya darasa kipindi kizima bila kuandika kitu, kisha akatoka na Mwalimu kibarazani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mwalimu, unajisumbua," alisema. "Wasichana wa huku wape kanuni wazikariri, wapate alama za kupita. Haya ya kuthibitisha ni ya shule kubwa."

"Umezitazama daftari zao?"

"Sina haja."

"Basi hujakagua," Mwalimu akamjibu, na akarudi ndani kuendelea na somo.

Wiki ile ilipokwisha, kwenye gwaride la Jumatatu, aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu aseme neno. Alikuwa na karatasi ya manila imekunjwa. Wasichana wawili waliifungua mbele ya shule nzima, na juu yake, kwa ule mwandiko wake, palikuwa na tarakimu nane: 73939133.

"Namba hii niliisoma kitabuni nilipokuwa chuo," alisema. "Kitabu kinasema ni tasa. Kinasema ukiikata tarakimu ya mwisho, inayobaki nayo ni tasa. Ukikata tena, tasa. Mpaka ubaki na sabini na tatu, kisha saba peke yake, zote tasa. Tena kinasema ukijaribu kuiongezea tarakimu mwishoni, tarakimu yoyote, inavunjika hapo hapo. Nimekiamini kitabu hicho zaidi ya miaka ishirini. Mimi ninayewauliza ninyi kila siku nani kakwambia, sijawahi kuthibitisha. Naona haya. Nataka shule hii inionyeshe."

Tulianza na zile fupi. Saba haikuhitaji kazi, sabini na tatu tuliimaliza kabla ya uji, na mia saba thelathini na tisa kabla ya chakula cha mchana. Kadiri namba ilivyorefuka ndivyo kazi ilivyozidi, na tulipofika ile ya tarakimu nane muhula wa pili ulikuwa umeanza. Mwalimu alitueleza kwamba hatuhitaji kuigawa kwa kila namba duniani. Kama inavunjika, inavunjika vipande viwili, na kimoja lazima kiwe chini ya elfu nane mia tano tisini na tisa, kwa kuwa namba hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inaipita yetu. Tena tunahitaji kugawa kwa namba tasa tu, kwani nyingine zote zimetokana nazo.

Kazi ya kwanza basi ilikuwa kuzipata hizo namba tasa zote. Kidato cha Tatu tulipewa bwalo la chakula kila Jumamosi. Tuliandika namba kwenye karatasi za manila, tukazitandaza sakafuni, tukaanza kufuta: kila ya pili baada ya mbili, kila ya tatu baada ya tatu, kila ya tano baada ya tano, tukipanda hivyo. Zilizosalia bila kufutwa ndizo tulizozitaka. Magoti yetu yalikuwa meupe kwa vumbi la sakafu. Mwalimu alipita na raba zake mkononi asikanyage karatasi, akatia sahihi chini ya kila moja aliyoridhika nayo.

Orodha ilikuwa na namba elfu moja sabini na moja. Niliipitia Jumapili moja, kwa kujifurahisha tu, na karibu na mwisho nikasimama kwenye 8549. Sijui kwa nini ilinitia shaka. Nilianza kuigawa kwa kila namba tasa, na nilipofika themanini na tatu ikaingia mara mia moja na tatu, bila baki. Aliyekuwa akifuta za themanini na tatu aliiruka, na Mwalimu akaipitisha kwa sahihi yake.

Nilimwendea Jumatatu na hesabu yangu. Aliitazama karatasi yangu. Akachukua kalamu, akazidisha themanini na tatu kwa mia moja na tatu mwenyewe.

"Haitaharibu kitu, Mwalimu," nikasema. "Tungeigawa bure tu, jibu la mwisho lingekuwa lile lile."

"Lakini ingekuwa imeandikwa kwamba ni tasa, na si tasa." Akasimama. "Njoo."

Tukaenda bwaloni. Wasichana walikuwa kwenye foleni ya chakula. Alisimama mbele ya ubao wa matangazo akaandika kwa herufi kubwa: MWALIMU AMEKOSEA. 8549 = 83 × 103. Chini yake akaandika jina langu lote. Akakataza yasifutwe wiki nzima. Kila nilipokwenda kuchukua maharagwe yangu nililiona jina langu pale, na sijapata cheti chochote tangu siku ile kilichonijaza kifua namna hiyo.

Orodha ikabaki na vigawanyo, yaani namba za kugawia, elfu moja na sabini. Kila kigawanyo kilipewa wasichana wawili wasioketi pamoja, kila mmoja agawe kivyake bila kikokotoo, kisha walinganishe baki. Baki zikitofautiana, anaitwa wa tatu. Zikilingana, wote wawili wanatia sahihi kwenye daftari kubwa la jalada gumu lililokaa mezani kwa Mwalimu. Kila mmoja wetu aliangukiwa na vigawanyo tisa hivi. Mojawapo ya vyangu kilikuwa 8191, na baki yake ni 7167. Mpaka leo naikumbuka kuliko namba yangu ya simu. Mpishi wa shule naye aliomba kigawanyo, akapewa, akakifanya nyuma ya gunia la unga na akapata sawa.

Vile vidogo vilipewa Kidato cha Kwanza. Kulikuwa na msichana huko aitwaye Kadzo, mkimya, aliyekaa karibu na mlango. Alipewa arobaini na saba. Siku moja baada ya mapumziko alikuja ofisini kwa walimu na karatasi yake, nami nilikuwapo napeleka daftari. Alisimama mbele ya meza.

"Imebaki ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Haikubaki, Mwalimu."

Walimu wengine waliacha walichokuwa wakifanya. Kama haikubaki kitu, basi namba yetu si tasa. Kitabu kilikuwa kimesema uongo, na kazi ya muhula mzima ilikuwa imekwisha mikononi mwa mtoto wa Kidato cha Kwanza. Kadzo alikuwa amekwisha kuanza kulia.

"Unalia nini?" Mwalimu alimwuliza. "Kama umeiangusha, umeiangusha wewe, na jina lako litaandikwa kwanza. Nionyeshe."

Habari ilikimbia kuliko sisi. Tulipofika darasani madirisha yalikuwa yamejaa vichwa. Kadzo akashika chaki, akaandika namba ya kugawa, akaanza. Nilikuwa nimesimama nyuma na niliiona kabla hajafika nusu. Ubaoni palikuwa na 73939131. Mwishoni alikuwa ameandika moja badala ya tatu, kama alivyokuwa ameiandika kwenye karatasi yake. Nilimtazama Mwalimu. Naye alikuwa ameiona, nina hakika, lakini alikaa kimya na mikono nyuma. Kadzo akagawa mpaka mwisho. Ikaingia mara 1573173, ikaisha yote.

"Hesabu yako ni sahihi," Mwalimu alisema. "Kila hatua. Sasa soma kwa sauti namba uliyoigawa, kisha usome ya kwenye manila."

Alisoma ya kwanza. Aliposoma ya pili akafika mwisho akaweka mkono mdomoni.

"Zimeachana kwa ngapi?"

"Mbili, Mwalimu."

"Basi baki ni ngapi?"

Kadzo alifikiri. Macho yalikuwa bado na machozi. "Mbili," akasema. "Ile yetu ikigawanywa kwa arobaini na saba, inabaki mbili." Msichana mwenzake, aliyepewa arobaini na saba vilevile, akapaza sauti kutoka dirishani kwamba yeye pia amepata mbili. Darasa likapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alimwambia Kadzo aandike kwenye daftari kubwa namba aliyoikosea na jinsi alivyoigundua, "kwa sababu atakayekuja kusoma daftari hili atataka kujua kwamba tulikagua."

Kigawanyo cha mwisho kilikuwa 8597. Mwalimu alikiweka akiba, na siku ya kufunga muhula, mbele ya shule yote na wazazi waliokuja kuchukua watoto wao, alimwita Kadzo. Msichana yule aligawa bila haraka, akiisoma namba upya kwa kidole kabla ya kila hatua. Ikaingia mara elfu nane na mia sita, ikabaki 4933. Akaandika baki, akaipigia mstari, akageuka akatutazama.

"Mwalimu," alisema, "ni tasa."

Hawe wangu alikuwapo siku ile. Hakujua kusoma, na hesabu ile hakuifuata hata hatua moja, lakini alisimama akapiga vigelegele, na wanawake wa vijiji vile vyote wakampokea. Mwalimu alikaza uso. Nadhani alikuwa akijizuia.

Tarakimu ya kuongeza tuliimaliza muhula wa tatu. Zinazoishia na shufwa au tano zilianguka zenyewe. Tukiweka moja au saba mwishoni, tarakimu zikijumlishwa zinagawika kwa tatu. Zikabaki mbili, inayoishia na tatu na inayoishia na tisa, na hizo zilitutoa jasho sisi wa Kidato cha Tatu kabla nazo hazijavunjika. Kitabu kilikuwa kimesema kweli. Sasa tulikuwa tumekwisha kukiuliza.

Mwaka huo huo aliletwa mwalimu kijana, mwenye kompyuta yake ya mkononi. Aliitazama ile manila bwaloni, akaandika kitu, akacheka kwa upole. "Mwalimu, mashine yangu ingekwambia jambo hili kabla hujafumba jicho."

"Ingeniambia mimi," alijibu. "Na hawa je?"

Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alifunga kompyuta akaomba aonyeshwe daftari kubwa, akakaa nalo mchana kutwa. Baadaye alikuwa akilitumia kufundishia.

Sitasema kwamba namba ile ilitubadilishia maisha, maana yeye mwenyewe angeniuliza nani kakwambia. Ninachoweza kusema ni nilichokiona. Zamani tukiwa kituoni Malindi na mtu akituuliza tunasoma wapi, tulilitaja jina la shule kwa sauti ya chini. Baada ya mwaka ule tulilitaja kwa sauti kamili, na aliyekuwa na muda wa kusikiliza alielezwa namba. Kadzo sasa ni mpima ardhi. Mimi nafundisha hesabu Kilifi.

Mwalimu alistaafu akahamia Matsangoni kwa binti wa dada yake. Nilikwenda kumtazama mwaka huu, masika yalipokwisha, baada ya alasiri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba presha ya macho imemchukua uoni wote. Alikuwa ameketi barazani, mgongo umenyooka. Nilipomwamkia aliitikia, akanitaja kwa jina langu lote.

Tulizungumza ya watu na ya afya. Chai ililetwa. Kisha akauliza kama kuna jipya, na nilijua hakuwa anauliza siasa. Nikatoa simu nikamsomea habari niliyokuwa nimemwekea: imepatikana namba tasa iliyo kubwa kuliko zote zinazojulikana, yenye tarakimu zaidi ya milioni arobaini na moja. Ili kuipata unachukua mbili, unazizidisha zenyewe kwa zenyewe mpaka idadi ya hizo mbili ifike milioni mia moja thelathini na sita, mia mbili sabini na tisa elfu, mia nane arobaini na moja, kisha unatoa moja.

Alinifanya nirudie mara mbili. Midomo yake ilikuwa ikisogea.

"Inaishia na ngapi?"

"Ngoja nitazame, hapa chini wameweka..."

"Usitazame. Tuitafute. Wewe zidisha kwa mbili, ushike tarakimu mbili za mwisho tu. Mimi nitahesabu mara."

Nikaanza. Mbili. Nne. Nane. Kumi na sita. Thelathini na mbili. Sitini na nne. Ishirini na nane. Vidole vyake vilikunjuka kimoja kimoja juu ya paja. Nilipotamka hamsini na mbili alisema, "Ishirini na moja." Nikazidisha tena, ikaja mia moja na nne, na nikishika mbili za mwisho nimerudi kwenye nne.

"Umerudi ulikopita," akasema. "Kwa hiyo inazunguka kila baada ya ishirini. Mamilioni yote yale na maelfu na mamia ni ishirini ishirini tu, yaondoe. Imebaki arobaini na moja. Toa ishirini."

"Ishirini na moja."

"Ulikuwa wapi kwenye ishirini na moja?"

"Hamsini na mbili. Nikitoa moja, hamsini na moja."

"Sasa tazama."

Nikasogeza ukurasa kwa kidole mpaka chini. Walikuwa wameandika tarakimu chache za mwanzo, nukta nyingi, na chache za mwisho. Mbili za mwisho kabisa zilikuwa tano na moja. Nilimwambia. Aliinua uso kuelekea barabarani, na nikaliona tabasamu ambalo kwa miaka minne ya shule sikuwahi kuliona, pana, la mtu ambaye hana sababu tena ya kujizuia.

Jua lilikuwa limeshuka na nilikuwa na safari ya kurudi Kilifi. Nikamshukuru kwa chai, nikauchukua mkoba wangu nikasimama.

"Unakwenda wapi?" aliniuliza. "Kaa kitako. Tumepata mbili tu, na zimebaki milioni arobaini na moja."

Nikauweka mkoba chini, nikaketi.